Betri ya gari ikiisha usiku, mtafute mwizi kabla ya kununua mpya

Na Mwandishi Wetu, Singida

NI saa 9 usiku. Upepo wa Singida unavuma juu ya mabati, mtoto amepandwa na homa kali na mzazi anakimbilia gari lililoegeshwa uani ili ampeleke hospitali. Anazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka kidogo kisha zinafifia, stata inatoa mlio mkavu wa "ta-ta-ta", halafu kimya. Jioni iliyotangulia gari hilo hilo lilimrudisha nyumbani bila tatizo lolote, na betri yake haijatimiza hata miezi minne tangu inunuliwe.

Huo ni mfano tu, lakini wamiliki wengi wa magari wataitambua hali hiyo. Gari likiwa la gia za mkono, majirani wataamshwa walisukume. Hata hivyo, magari mengi madogo yanayoletwa nchini kutoka Japani ni ya otomatiki, na gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Linahitaji kuazimwa chaji kutoka gari jingine, na saa 9 usiku gari hilo jingine huwa ni la kutafutwa.

Kesho yake asubuhi ushauri unaotolewa na wengi huwa mmoja: nunua betri nyingine. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Betri mpya hufanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha hadithi ile ile inajirudia, kwa kuwa betri haikuwa mkosaji bali mwathirika. Ndani ya gari kuna kitu kinachoiibia umeme wakati mwenye gari amelala. Mwizi huyo anaweza kutafutwa na kukamatwa kwa utaratibu maalumu unaohitaji subira zaidi ya fedha.

Tangi linalovuja

Betri ya kawaida ya gari hutumia madini ya risasi na tindikali, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Ndiyo maana betri iliyojaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebakiwa na takriban nusu ya chaji, na ikifika 12.0 imebakiwa na robo hivi.

Ujazo wa betri hupimwa kwa ampea-saa. Tuichukulie kama tangi la maji: betri ya ampea-saa 45 inaweza, kwa hesabu ya karatasi, kutoa ampea moja kwa saa 45 kabla ya kukauka.

Ikumbukwe kuwa gari lililozimwa halilali kabisa. Saa ya dashibodi inaendelea kuhesabu, redio inatunza kumbukumbu ya stesheni, kompyuta ya injini inahifadhi taarifa zake, na kipokezi cha rimoti ya milango kinasubiri kuitwa. Vyote hivyo kwa pamoja, katika gari zima lisilo na kasoro, kwa kawaida havipaswi kutumia zaidi ya miliampea 50, yaani ampea 0.05. Kwa kiwango hicho betri hupoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, na gari linaweza kuegeshwa wiki mbili au tatu na bado likawaka.

Sasa tuseme taa ndogo ya wati 5 iliyo ndani ya buti haizimiki buti linapofungwa. Taa hiyo hutumia takriban ampea 0.4, mara nane ya kiwango kinachokubalika. Kwa saa 24 inakunywa karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 45 itafika nusu kwa siku mbili na kidogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimwaga.

Kwa nini leo linawaka, kesho haliwaki

Kinachowachanganya wengi ni kwamba tatizo huja na kuondoka. Gari linaweza kuwaka siku nne mfululizo, likagoma siku ya tano. Sababu yake huonekana vizuri katika mji wa kiasi kama Singida, ambako safari nyingi za kila siku ni fupi.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Utemini anayefanya kazi katikati ya mji. Asubuhi anaendesha dakika 10, jioni dakika 10. Kuwasha injini kwenyewe hakuli umeme mwingi kama watu wanavyodhani: stata huvuta ampea nyingi sana, zaidi ya 100, lakini kwa sekunde moja au mbili tu, hivyo jumla yake haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea-saa. Katika dakika hizo 20 za safari, alteneta ikiirudishia betri wastani wa ampea 15, itakuwa imerudisha ampea-saa 5. Lakini ile taa ya buti imekunywa zaidi ya 9 katika saa ambazo gari lilikuwa limesimama. Kila siku betri inabaki na deni la ampea-saa 4 hivi. Ijumaa gari linawaka kwa shida. Jumatatu, baada ya kukaa siku mbili bila kuendeshwa, haliwaki kabisa.

Wiki inayofuata mkazi huyo anasafiri kwenda Dodoma, mwendo wa takriban kilomita 240. Kwa saa zote hizo alteneta inaijaza betri vizuri, na anaporudi gari linawaka siku tatu au nne kwa ufunguo mmoja tu. Anaamini limepona. Fundi aliyelisugua vichwa vya betri kabla ya safari anapewa sifa asizostahili, na mwizi anaendelea na kazi yake.

Baridi ya usiku, hasa miezi ya Juni na Julai, huchangia kidogo, kwani hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili ya injini kuwa nzito. Lakini baridi ya Singida haiwezi peke yake kuiua betri iliyo nzima. Huidhihirisha tu betri iliyokwisha kudhoofishwa.

Kipimo cha kwanza ni cha bure

Kabla ya kumshutumu yeyote ni lazima kujua kama betri yenyewe ni nzima. Ijazwe chaji kwanza, kwa chaja au kwa safari ndefu. Kisha gari likishazimwa, waya wa ncha hasi ulegezwe na kuondolewa, na betri iachwe hivyo usiku kucha. Huanzwa na ncha hasi kwa sababu spana ikigusa bodi la gari wakati wa kufungua ncha chanya, cheche kubwa hutokea.

Asubuhi waya urudishwe na injini iwashwe. Ikiwa inawaka kwa nguvu, na hali ikawa hivyo kwa siku kadhaa za jaribio, betri inatunza chaji na mwizi yumo ndani ya gari. Ikiwa betri imeshuka hata bila kuunganishwa na kitu chochote, hapo ndipo mwenye gari anaweza kusema kwa haki kuwa betri imekwisha.

Tahadhari moja: kukata waya wa betri hufuta saa na kumbukumbu ya redio, baadhi ya redio hudai namba ya siri zinaporudishiwa umeme, na gari lenye king'ora linaweza kupiga kelele.

Kipimo cha pili ni cha alteneta. Injini ikiwa inanguruma, volti katika ncha za betri kwa kawaida zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, betri haijazwi, na tatizo ni la mchana wala si la usiku. Mkanda uliolegea au vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe au wa kijani vinaweza kuleta hali hiyo, na kusafisha kwa brashi ya waya kukaitibu.

Kumvizia mwizi

Betri na alteneta zikithibitishwa kuwa nzima, kazi yenyewe inaanza. Kifaa kinachohitajika ni kipima umeme, ambacho mafundi hukiita multimita, chenye uwezo wa kupima hadi ampea 10. Waya wa kipimo huhamishiwa kwenye tundu la ampea 10, ncha hasi ya betri hufunguliwa, na kipimo huunganishwa kati ya ncha hiyo na waya uliofunguliwa. Kwa njia hiyo umeme wote unaotoka katika betri hauna budi kupita ndani ya kipimo.

Yapo makosa mawili ya kuepukwa kwa gharama yoyote. La kwanza ni kuunganisha kipimo kilichowekwa kwenye ampea moja kwa moja kati ya ncha chanya na ncha hasi. Fyuzi ya kipimo itakatika, au kifaa kitaungua mikononi. La pili ni kuwasha injini au kufungua swichi ya ufunguo wakati kipimo kikiwa bado kimeunganishwa, kwani stata huvuta ampea nyingi kuliko kipimo kinavyoweza kustahimili.

Baada ya kuunganisha, hitaji la kwanza ni subira. Gari linapofunguliwa mlango au kuguswa waya wa betri, kompyuta zake huamka na usomaji unaweza kuwa wa ampea kadhaa. Magari ya zamani hutulia baada ya dakika chache. Ya kisasa huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Boneti ibaki wazi, milango ifungwe, au swichi zake za taa zibanwe ili gari lidhani imefungwa, na ufunguo wa rimoti uwekwe mbali. Mafundi wengi hukosea hapa: wanasoma namba kubwa katika dakika ya kwanza, wanadhani wamepata ugonjwa, wanaanza kukata nyaya.

Namba ikitulia chini ya ampea 0.05, gari halina uvujaji kwa wakati huo. Ikibaki 0.3, 0.5 au zaidi, mwizi yuko kazini.

Hatua inayofuata ni kung'oa fyuzi moja moja huku mtu mwingine akitazama kipimo. Fyuzi moja ing'olewe, namba isomwe, irudishwe mahali pake kabla ya kung'oa nyingine. Kumbuka kwamba magari mengi yana masanduku mawili ya fyuzi, moja chini ya dashibodi na jingine katika chumba cha injini. Siku ile ambayo fyuzi fulani ikitolewa namba itaanguka ghafla kutoka 0.4 hadi 0.03, saketi ya mwizi imejulikana. Mfuniko wa sanduku huonyesha fyuzi hiyo inahudumia nini. Ni juu ya fundi kutenganisha vifaa vyake kimoja baada ya kingine hadi mhusika apatikane.

Katika magari ya kisasa ipo njia ya upole zaidi. Bila kung'oa kitu, kipimo huwekwa kwenye milivolti na ncha zake kugusishwa juu ya migongo miwili ya fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayopitisha husoma kiasi kidogo. Faida yake ni kwamba kompyuta zilizolala haziamshwi.

Watuhumiwa wa kawaida

Wa kwanza ni taa zilizofichika: ya buti, ya kasha la dashibodi na ya kioo cha kivuli cha jua. Njia rahisi ya kuzikagua ni kuweka simu inayorekodi video ndani ya buti, kulifunga, kisha kutazama kama giza liliingia.

Wa pili ni redio, na hapa kuna historia inayohusu magari yetu moja kwa moja. Nchini Japani matangazo ya FM kwa miaka mingi yalitumia bendi ya megahezi 76 hadi 90, wakati hapa Tanzania stesheni ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo gari linapofika, mwenye gari husikia stesheni chache au hakuna kabisa, na jambo la kwanza analofanya ni kufunga redio nyingine au kifaa cha kubadili masafa. Redio nyingi za kununuliwa dukani zina waya wa njano unaodumu na umeme kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Fundi mwenye haraka akizisokota nyaya hizo mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio itapiga muziki vizuri sana, lakini haitalala kamwe. Kikiwapo kikuza sauti nyuma ya kiti, nacho kitakesha pamoja nayo.

Wa tatu ni vitu vilivyoongezwa baadaye: ving'ora, vifaa vya kufuatilia gari, kamera za kioo cha mbele, chaja za simu na taa za ziada. Kifaa kimoja kwa kawaida hutumia umeme kidogo, lakini vitatu au vinne vilivyofungwa vibaya huweza kuifilisi betri.

Wa nne ni rilei iliyoganda. Rilei ni swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme. Meno yake yakiungua na kushikana, feni au pampu huendelea kupata umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Wa tano ni alteneta yenyewe, na huyu ndiye huwashinda wengi kwa sababu waya wake mnene haupiti katika fyuzi za kawaida. Ndani yake mna dayodi, ambazo ni kama milango inayoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Dayodi ikiharibika, umeme wa betri hurudi nyuma usiku kucha. Dalili mojawapo ni alteneta kuwa na uvuguvugu asubuhi wakati injini imelala baridi. Iwapo fyuzi zote zimeng'olewa na kipimo bado kinaonyesha uvujaji, betri ikatwe, waya mnene wa alteneta ufunguliwe na kufunikwa vizuri, kisha ipimwe upya. Uvujaji ukitoweka, jibu limepatikana. Ukibaki, zifuatwe nyaya zilizounganishwa na betri moja kwa moja, bila fyuzi.

Kwa upande wa malori, ambayo hupita Singida kwa wingi kuelekea mikoa ya Kanda ya Ziwa na nchi za Rwanda na Burundi, kuna kosa la aina yake. Malori hayo hutumia volti 24 zitokanazo na betri mbili. Dereva anayetaka redio ya volti 12 huunganisha waya kwenye betri moja tu. Betri hiyo hushuka kila siku huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hufa kabla ya wakati. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Hasara isiyoonekana

Wapo wanaosema kuwa njia rahisi ni kukata waya wa betri kila jioni. Hiyo inaweza kufaa kwa siku chache wakati fundi anatafutwa, lakini si tiba. Uvujaji unaotokana na waya uliochubuka unaweza kuongezeka na kuzalisha joto. Hatari huwa kubwa zaidi pale mtu anapoweka kipande cha waya mahali pa fyuzi inayokatika mara kwa mara. Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa, moto ndio utakaotoa taarifa. Aidha, betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, hivyo sigara na cheche vikae mbali nayo, na magari ya mseto yenye nyaya za rangi ya chungwa yaachiwe fundi aliyesomea, kwani nyaya hizo hubeba volti za kuua.

Jambo jingine ni kwamba betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kukaushwa. Kila inapoachwa tupu, fuwele za salfeti hugandamana juu ya bamba zake za risasi, na sehemu ya ujazo wake haipatikani tena. Betri mpya iliyokaushwa mara chache inaweza kuzeeka kwa miezi badala ya miaka. Kwa hiyo anayebadilisha betri bila kuziba uvujaji ananunua mwathirika mwingine tu.

Na kila betri inayotupwa ina kilo kadhaa za risasi, sumu inayodhuru zaidi ubongo wa watoto. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo kwa uchungu: mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za nchi hiyo kwa madhara ya sumu iliyotokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Betri chakavu isifunguliwe uani wala tindikali yake kumwagwa. Ipelekwe kwa muuzaji au mkusanyaji aliyeruhusiwa kuzipokea.

Mwenye gari si lazima ayafanye haya yote kwa mikono yake. Anachohitaji ni kujua swali la kumuuliza fundi kabla hajatoa fedha ya betri mpya: gari likiwa limezimwa na kutulia, umepima likivuta ampea ngapi? Fundi mwenye jibu la namba atakuwa ameianza kazi. Asiye na jibu bado anakisia, na gharama ya kukisia kwake atailipa mzazi yule, saa 9 usiku, mtoto akiwa mgongoni.